Usione Vyaelea: Kisa cha Jina la Benzi

Walimu wenzangu mnaofundisha sarufi mnajua kwamba somo la ngeli ya kwanza halina taabu nyingi. Mwalimu huandika ubaoni mtu – watu, mkulima – wakulima, kisha huwaomba wanafunzi walete mifano yao wenyewe. Mwaka jana, katika kidato cha tatu, niliomba mifano hiyo, na kijana mmoja aketiye nyuma akainua mkono akasema, "Mbenzi – Wabenzi." Darasa zima likacheka. Mwenzake akauliza kama hilo ni kabila, na kama ni kabila, basi kwao ni wapi. Nikajibu harakaharaka, kama tufanyavyo kengele inapokaribia kulia, kwamba Mbenzi ni mtu mwenye cheo au mali apandaye gari la Mercedes-Benz, na kwamba neno hilo ni la kejeli. Wakaandika. Kengele ikalia.

Jibu lile halikuwa na kosa. Lakini jioni nilipokuwa nikisahihisha madaftari sikuridhika nalo, kwa sababu mimi mwenyewe niliitwa Mbenzi kwa muda wa miaka minne, na katika miaka hiyo nyumbani kwetu hatukuwa na hata baiskeli. Ndugu wasomaji, naomba nafasi katika taarifa yetu hii nilieleze neno hilo kwa kituo, maana darasani nililieleza nusu.

Nianze na neno lenyewe, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Kijerumani hakikutupa maneno mengi. Kimetupa shule, na kimetupa hela, ambayo ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani walipoitawala Tanganyika. Maneno hayo mawili yalikuja na serikali. La tatu, yaani Benzi, halikuja na serikali wala halikuja na vita; lilikuja juu ya magurudumu manne, nalo ni jina la ukoo wa mtu. Kiswahili kililipokea kama kinavyolipokea shina lolote, kikalivika viambishi vyake: Mbenzi na Wabenzi ni watu, Kibenzi ni namna yao ya kuishi, na Ubenzi ndiyo hali yenyewe. Wabenzi walianza kusemwa katika miaka ya 1960, Kenya na Tanzania zilipokuwa changa katika uhuru, na wananchi walipoona kwamba baadhi ya waliokuwa wakitembea nao kwa miguu juzi, leo wanapita wakiwa wamepandisha vioo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Azimio halikutaja aina ya gari, lakini mtaani jina la walioonywa lilikuwa limekwisha kupatikana. Neno hilo likaingia kwetu Uganda, tena likavuka mpaka likafika kusini mwa Afrika.

Niongeze jambo moja kwa faida ya wanafunzi. Wako wadhanio kwamba Benzin, ambalo ndilo jina la petroli kwa Kijerumani, lilitokana na Benz. Sivyo. Neno hilo lilitumiwa na mkemia Eilhard Mitscherlich mwaka 1833, miaka kumi na mmoja kabla Karl Benz hajazaliwa, na asili yake ya mbali ni Kiarabu, luban jawi, yaani ubani wa Java. Kwa hiyo petroli ya Wajerumani na ubani wetu tufukizao ni ndugu wa mbali, wala Bwana Benz hana sehemu katika undugu huo. Majina hudanganya, na huo ndio mwanzo wa maneno yangu.

Baba yangu alikuwa dereva. Alianza akiwa utingo wa malori yaliyokuwa yakipakia bidhaa bandarini Mombasa na kuzileta Kampala. Huko njiani, Voi, Nakuru na Malaba, ndiko alikokipata Kiswahili, akajifunza hata kukisoma kwa kufuatisha magazeti ya zamani yaliyofungia nyama choma. Mwaka 1983 aliajiriwa na ofisi moja ya umma katika mji wetu, mashariki ya Uganda, akakabidhiwa Benzi nyeupe ya modeli 200. Ilikuwa ya jamii ile iliyojulikana kiwandani kwa alama W123, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo yalitengenezwa magari yapatayo milioni 2.7. Hapana shaka wengi wenu mmeyaona; mengine yangali yanatembea hadi leo.

Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alipima oili, akaangalia maji, akayagonga matairi kwa kisigino kuona kama yana upepo wa kutosha, kisha akaliwasha gari na kusimama kando yake kimya, ameinamisha kichwa kama tabibu asikilizaye kifua cha mgonjwa. Baada ya hapo ndipo aliposhika kitambaa. Mkubwa wa ofisi alipotoka nyumbani kwake saa mbili, alilikuta gari linang'aa, naye aliketi nyuma na kufungua gazeti. Siku moja tu, gari likitoka gereji, Baba alinichukua. Nikafungua mlango wa nyuma. Akaniambia, "Njoo mbele. Sisi ni watu wa kiti cha mbele."

Watoto wenzangu hawakujua tofauti ya viti. Walichojua ni kwamba gari lenye nyota hulala karibu na kwetu na kwamba baba yangu ndiye mwenye ufunguo. Wakaniita Mbenzi. Niliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, walisema Mbenzi mchoyo anaficha fedha zake. Nililia mara moja, na Baba alipoulizia sababu na kuambiwa, hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba gari lile lina sifa, na mwenye sifa huvuta maneno.

Mwaka 1991 ofisi ilipata mkubwa mpya, na tangu hapo fedha za matengenezo zikawa haba. Oili ilikuwa ibadilishwe kila baada ya kilomita kadhaa, pamoja na filta yake. Ikapita miezi bila kubadilishwa. Baba alikumbusha kwa mdomo. Akaambiwa alete maombi kwa maandishi, na maandishi ya ofisi ile yalikuwa Kiingereza peke yake. Baba hakujua kuandika Kiingereza. Basi usiku, kwa mwanga wa kibatari, alisema kwa Kiswahili nami nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi, nakala moja ya kupeleka na nyingine katika daftari la mistari: kwamba gari namba fulani limekwenda kilomita kadha, kwamba oili imekuwa nyeusi na nyepesi, kwamba anaomba lita kadha na filta moja. Aliweka saini yake chini. Tuliandika maombi tisa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tulipoandika la mwisho.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, niruhusuni nirudi nyuma karne nzima, hadi Ujerumani. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu nikisomea stashahada, nilikutana maktabani na kitabu juu ya historia ya motokaa. Nilikifungua kwa chuki kidogo, nikitaka kumjua mtu aliyenipa jina nisilolitaka. Ukurasa wa kwanza ulinishangaza. Karl Benz, aliyezaliwa mwaka 1844 katika eneo la Karlsruhe, alikuwa mwana wa dereva. Baba yake, Johann Georg Benz, aliendesha garimoshi, naye alifariki mwaka 1846 mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama mjane alimlea katika uhitaji, lakini akahakikisha anasoma mpaka akahitimu katika chuo cha ufundi.

Mwaka 1871 Benz alifungua karakana mjini Mannheim pamoja na mshirika ambaye baadaye waliachana. Hakuwa na fedha za kununua sehemu ya mshirika huyo. Aliyezitoa ni mchumba wake, Bertha Ringer wa Pforzheim, binti wa fundi seremala. Kwa desturi ya kwao wakati huo, mali ilitoka kwa wazazi wa binti aendaye kuolewa, kinyume cha mahari yetu. Bertha aliwaomba wazazi wake wampe mali hiyo kabla ya harusi, akaitia katika karakana. Walioana mwaka 1872. Miaka ya dhiki ikafuata, hata tarehe 29 Januari 1886 Benz alipoomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu, lenye injini ya silinda moja ambayo nguvu zake hazikutimia nguvu za farasi mmoja. Hataza hiyo ilipewa nambari 37435, na watu wengi huihesabu kuwa cheti cha kuzaliwa cha motokaa. Jina lililoandikwa juu yake ni la kampuni ya Benz. Jina la Bertha halimo.

Gari lilipatikana, lakini wanunuzi hawakupatikana. Watu waliliona kuwa mchezo wa kutisha farasi. Ndipo mwezi wa Agosti 1888 Bertha alipowaamsha wanawe wawili, Eugen na Richard, wakalitoa gari bila kumwarifu mumewe, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa wazazi wake, safari ya kilomita zipatazo mia moja. Hapakuwa na kituo cha petroli popote duniani. Walipofika Wiesloch alinunua kimiminiko cha kusafishia madoa kwenye duka la dawa, akakitia katika gari kiwe mafuta. Mpira wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipokosa kinga, aliufunga kwa ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika kwa miteremko, alimwendea fundi viatu akazivika ngozi. Penye vilima wanawe walisukuma, na waliporudi aliambiwa mumewe kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima. Likatiwa gia hiyo. Dunia ilipata habari kwamba chombo hiki hakikuwa mchezo, na ililipata neno hilo kwa mtu ambaye jina lake halikuwa katika hataza.

Nilipokuwa nikisoma hayo nilikuwa namwona Baba, kisigino chake juu ya tairi. Na kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kwamba kisa cha kampuni hii, tangu mwanzo hadi leo, ni kisa cha jina kwenda upande huu na jasho kwenda upande ule.

Chukueni jina Mercedes. Huko Cannstatt, karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler, mwana wa mwoka mikate, alikuwa akiunda injini zake pamoja na Wilhelm Maybach, fundi aliyelelewa katika nyumba ya mayatima. Daimler alifariki mwaka 1900. Mwaka huohuo mfanyabiashara tajiri aliyeishi Nice, kusini mwa Ufaransa, kwa jina Emil Jellinek, aliagiza magari 36 kwa sharti kwamba liundwe gari jipya lenye nguvu zaidi, na kwamba injini yake iitwe kwa jina la binti yake Mercédès, aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Maybach aliliunda, na mwezi wa Machi 1901 gari hilo lilishinda mashindano ya Nice hata washindani wakaduwaa. Mwaka 1902 jina Mercedes likasajiliwa. Kwa Kihispania maana yake ni neema au rehema. Basi mtoto aliyekuwa hajagusa hata parafujo moja alipewa jina la gari, au tuseme gari lilipewa jina lake, na yatima aliyelibuni hakuandikwa popote juu yake. Baba wa mtoto naye alipendezwa mno, hata mwaka 1903 akalibadili jina lake mwenyewe na kujiita Jellinek-Mercedes. Nyota yenye ncha tatu, ishara ya nchi kavu, maji na anga, ilisajiliwa mwaka 1909, na mwaka 1926 kampuni ya Daimler na ya Benz, zilizokuwa mahasimu, zikaungana.

Simaanishi kwamba sifa ile ilikuwa ya bure. Jambo lililotengenezwa vizuri lazima lisemwe. Mwaka 1936 waliuza gari la 260 D, miongoni mwa magari madogo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi yakitumia dizeli, na madereva wa teksi wakalikimbilia. Mhandisi wao Béla Barényi aliwaza jambo ambalo wengine waliliona kichekesho, kwamba gari salama si lile gumu kila mahali, bali ni lile ambalo pua na mkia wake hukunjika ili chumba cha watu kisikunjike. Hataza ya wazo hilo iliombwa mwaka 1951, na leo magari karibu yote hufuata mafunzo yake. Mwaka 1978 walitia katika gari lao kubwa breki zisizojifunga katika utelezi. Watu wangapi wako hai kwa sababu hiyo hatuwezi kuhesabu. Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa, na hakika hivi viliundwa.

Lakini methali hiyo haitwambii ni nani waliounda, wala kama waliridhia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili viwanda vya Daimler-Benz vilitumikia jeshi la Hitler. Mwaka 1944 kampuni ilikuwa na wafanyakazi 63,610, na karibu nusu yao walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliotolewa kwao kwa nguvu, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Katika kiwanda cha injini za ndege cha Genshagen, karibu na Berlin, walitumikishwa wanawake walioletwa kutoka kambi ya Ravensbrück. Hawa hawakuwa na jina wala ujira. Zilipita zaidi ya miaka hamsini kabla ya mwaka 2000, serikali ya Ujerumani na makampuni yake, hii ikiwamo, yalipoanzisha mfuko wa Marki bilioni 10, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya kuwalipa waliotumikishwa namna hiyo katika nchi nzima. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Na miaka ya karibuni sifa ile imetumiwa vibaya na walio juu. Mwezi wa Aprili 2010 kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Daimler, ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kulipa jumla ya dola milioni 185 kwa sababu ya hongo zilizotolewa kwa maofisa wa serikali katika nchi zisizopungua 22 ili wanunue magari yake. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka neno letu la miaka ya 1960, nikaona kwamba wananchi waliolibuni hawakuwa na husuda tu, kama wakubwa walivyodai. Walikuwa na macho. Tena mwezi wa Septemba 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza kampuni hiyohiyo faini ya Euro milioni 870 kwa habari ya magari ya dizeli ambayo moshi wake ulizidi kipimo kilichoruhusiwa. Kosa lililotajwa lilikuwa uzembe katika wajibu wa kusimamia. Kampuni ililipa, na mwaka 2022 ikachukua jina jipya, Mercedes-Benz Group.

Uzembe. Neno hilo nalijua. Sasa nirudi kwa Baba.

Mwaka 1992, siku ya Jumamosi, mkubwa wa ofisi alitaka kupelekwa Kampala kwenye arusi ya jamaa yake. Walipokuwa wamekwisha kuvuka Jinja, taa nyekundu ya oili ikawaka katika dashibodi. Baba alipunguza mwendo, akasema, "Mzee, taa imewaka, inafaa tusimame." Akajibiwa kwamba wamechelewa na kwamba Benzi haifi. Baba akasema mara ya pili. Akaamriwa aende. Katikati ya mashamba ya miwa, kabla ya kufika Lugazi, injini ilinoki. Mkubwa alipanda gari jingine akaenda arusini. Baba alilala barabarani siku mbili akililinda gari lililokufa.

Barua aliyopewa mwezi uliofuata ilikuwa ya Kiingereza, nami ndiye niliyemsomea. Ilisema kwamba dereva ameliharibu gari la ofisi kwa uzembe, kwa kuwa hakuangalia oili, na kwamba hakuna maombi yoyote ya matengenezo yaliyopokewa kutoka kwake. Amefukuzwa kazi bila kiinua mgongo, baada ya miaka tisa.

Nililikimbilia daftari. Maombi tisa yalikuwamo, yote yana tarehe. Nikamwambia, "Baba, tuwapelekee." Akalishika, akafungua ukurasa mmojammoja, kisha akalifunga. Akasema, "Mwandiko ni wako. Watanipa kalamu waniambie niandike mbele yao." Hakulipeleka. Alikubali kuitwa mzembe mbele ya watu kuliko kuonyeshwa mbele ya watu kwamba hajui kuandika lugha ya ofisi. Baadaye aliendesha trekta katika shamba la miwa, mpaka uzee ukamzuia.

Mimi sikukubali. Nilibeba hasira hiyo miaka mingi, na kwanza niliielekeza kwa gari: niliona nyota yake nikageuza uso. Ni kitabu cha chuoni kilichonisaidia kuona kwamba gari halikutukosea. Lilidai oili, likakosa oili, likafa, kama ambavyo lingekufa mikononi mwa mfalme. Ile "Benzi haifi" aliyoisema mkubwa ndiyo iliyoliua. Aliisikia sifa, akadhani sifa ni kitu kilichomo ndani ya chuma, kisicholishwa wala kuangaliwa. Hakujua kwamba kila alfajiri kwa miaka tisa kulikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa akiisikiliza injini, na kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa akiitengeneza sifa ya Benzi katika mji wetu, kama Bertha alivyoitengeneza kwao kwa pini ya kofia.

Baada ya lile somo la ngeli nilikwenda kumwona Baba. Amepita miaka themanini, na macho yangali yanaona karibu. Nikamsimulia habari za Bertha, jambo ambalo, kwa aibu yangu, sikuwahi kulifanya. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye ngozi ya breki. "Huyo mama alikuwa dereva," akasema. "Mwenye gari angekaa kando ya njia akingoja fundi."

Nikamsimulia pia habari za Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Ugiriki, aliyekuwa na Benzi ya 240 D ya mwaka 1976. Alitembea nayo kilomita milioni 4.6, akibadili injini mara kwa mara, na mwaka 2004 kampuni ililichukua gari hilo likawekwe katika makumbusho yake, yeye akapewa gari jipya. Baba alifikiri kidogo.

"Oili alikuwa akinunua nani?"

Nikamjibu kwamba gari lilikuwa la dereva mwenyewe.

"Ndiyo maana," akasema.

Juma lililofuata niliwaambia kidato cha tatu wafungue madaftari yao mahali tulipoandika Mbenzi. Nikawaambia kwamba maana niliyowapa haikuwa kosa, ila ilikuwa na upungufu. Mbenzi ni yule aketiye nyuma, naam, na kejeli inamstahili akijikinai. Lakini kila penye Mbenzi pana mtu mwingine mbele yake, na nyuma ya huyo pana mafundi, na nyuma ya mafundi pana mjane aliyelea, mchumba aliyetoa mali yake, yatima aliyebuni, na mateka aliyelazimishwa. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa viambishi, hakijawapa hao neno lao. Nikawaomba kila mmoja aandike insha juu ya kitu chenye sifa katika mji wetu, awe ni mchezaji, duka, daraja au shule, naye amtafute mtu ambaye sifa hiyo inasimama juu ya mabega yake, amwulize jina, aliandike. Yule kijana wa nyuma aliandika juu ya mama apikaye chakula cha wanafunzi wa bweni. Ni insha niliyoisoma mara mbili, na sikuona haja ya kalamu nyekundu.

Kabla ya kuileta makala hii kwenu nilimwomba Baba ruhusa, kwa kuwa ndani yake mna siri aliyoitunza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilidhani atakataa. Aliniuliza taarifa yetu huandikwa kwa lugha gani. Nikamwambia, kwa Kiswahili.

"Basi andika, Mwalimu," akasema. "Hiyo nitaisoma mwenyewe."